Kujifunza Tena Kumsikia Mke Wangu

Nilisaga unga miaka thelathini na moja, na mashine nayo ikanisaga masikio. Hakuna aliyenilazimisha. Wenzangu niliowakuta kwenye kazi hii walikuwa wakiziba masikio kwa pamba, nami nikiwacheka, nikisema pamba ni ya wagonjwa na maiti. Leo wenzangu hao wanasikia simu ikilia chumba cha pili, na mimi nachoka kabla ya saa nne asubuhi, kwa sababu kusikia kumekuwa kazi. Zamani sikujua kuwa ni kazi. Nilidhani mtu anasikia tu, kama anavyopumua.

Mashine ipo Magomeni hapa hapa Kilosa, na siku hizi nimemwachia mdogo wangu. Uziwi wangu haukuja kwa siku moja. Zilianza kupotea sauti nyembamba: ndege, watoto, kijiko kwenye kikombe. Mashineni sikugundua, maana watu wa mashineni hawana maneno mengi. Mtu anakuja na ndoo ya mahindi, atasema dona au sembe, atauliza kama umeme upo, atalalamika kwamba unga wa juzi ulikuwa mnene. Nilikuwa nikiona mdomo umefunguka na uso umekunjamana, tayari najua ni huyu wa unga mnene, namjibu na anaridhika. Akili ilikuwa inajijazia yenyewe kile inachokitegemea, nami nikaamini nasikia. Mtu angeniambia nimekuwa kiziwi ningegombana naye.

Aliyejua ni mke wangu. Miaka ya mwanzo tulifanya kazi pamoja, yeye akipokea ndoo na kupanga foleni, mimi nikiwa kwenye mashine yenyewe. Katika kelele ile tulikuwa na ishara zetu. Vidole ni hesabu ya madebe, kiganja kilichoinuliwa ni subiri, kupiga paja ni chakula tayari, ngumi mbili kugonganishwa ni zima mashine. Kila mashine ya kusaga ina ishara zake, hilo si ajabu. Kosa letu ni kwamba ishara zile tulizibeba mpaka nyumbani. Nilipoanza kutosikia hakuna aliyesema baba amekuwa kiziwi. Mke wangu alianza tu kunipigia paja uani, kisha watoto wakamfuata, na nyumba ikawa inaendeshwa kama mashine. Ishara isipofika, ndipo mtu anapaza sauti kwa Kiswahili cha maneno matatu. Mzee, chakula tayari. Mzee, wageni hao.

Nimesema Kiswahili makusudi. Mimi na mke wangu ni Wasagara, na tulichumbiana kwa lugha ya nyumbani. Kwa lugha hiyo alikuwa mwongeaji kwelikweli. Akitoka kwao Kimamba, alikuwa na habari za siku tatu: nani kaoa, nani kagombana na mkwewe, ng'ombe wa wafugaji wameingia shamba la nani. Nilikuwa nasinzia akiendelea kusimulia, ananigusa, naamka, anaendelea. Sijui aliacha lini. Lugha ile ikabaki kati yake na dada yake kwenye simu, na mimi nikapewa Kiswahili cha mtu aliyekuja ofisini kuuliza. Nilichokitaka katika uzee wangu ni hicho tu, mke wangu anisimulie tena. Lakini mtu anadai vipi mazungumzo?

Binti yetu anafanya kazi kwenye nyumba ya wageni kule Mikumi, kando ya barabara kuu. Alituma ujumbe kwamba wataalamu wa masikio wanakuja hospitali ya huko, nikakataa. Akatuma tena, nikakataa. Kilichonipeleka ni aibu. Kwa sababu ya uziwi nilikuwa nimejiwekea utaratibu wa salamu: mkubwa wangu namwahi na shikamoo yangu na kupita haraka, mdogo wangu akichezesha midomo tu namwitikia marahaba. Siku moja nikitoka msikitini, mzee mmoja wa rika la marehemu baba yangu alinishika mkono kwa nyuma akawa ananieleza jambo. Nikaona midomo, sikutazama uso. Nikamwitikia marahaba, nikaenda zangu. Waliokuwepo walicheka, yeye hakucheka. Kesho yake asubuhi ilibidi mke wangu anipeleke kwake kuomba radhi, akanisemea yeye, nami nimekaa pale na kofia mkononi kama mtu aliyefumaniwa akiiba kuku. Jioni ile nikamjibu binti kwamba nakuja.

Yule mtaalamu wa Mikumi alikuwa mdogo kuliko binti yangu. Aliniamkia vizuri, akakaa mbele yangu, akasema polepole bila kupiga kelele, na hilo peke yake lilinifanya nimpende. Alinieleza kwamba sikio ni mlango tu, anayesikia ni ubongo. Miaka mingi ubongo wangu haukuletewa sauti zile, kwa hiyo ukazisahau, ukayapa macho kazi hiyo. Sasa sauti zikirudishwa zote kwa pamoja utachanganyikiwa, hautajua ushike ipi na uache ipi. Nikamwambia hilo nalielewa, ni kama mtu aliyeacha kupepeta, umrudishie ungo mkononi, atamwaga mchele na pumba pamoja. Akacheka, akasema ndiyo hivyo.

Akanivalisha kifaa, kidogo, rangi ya ngozi, nyumbani wakaja kukiita mashine ya sikio. Nilikuwa nimejiandaa kufurahi. Badala yake nikakasirika. Feni ilikuwa inapiga kelele, karatasi zake zinapiga kelele, viatu vya muuguzi, malori yanayoshuka barabarani, na sauti yangu mwenyewe ikitoka ndani ya debe. Kila kitu kilitaka kuwa cha kwanza. Nilitaka kukivua, akanishika mkono. Akanipa masharti. Nivae tangu asubuhi mpaka jioni, hata kikinikera. Na kila siku nikae nusu saa na mtu mmoja ambaye sauti yake niliijua sana kabla ya uziwi, mahali patulivu, aongee lolote, nami nisimtazame mdomo. Ubongo utaitafuta sauti ile kwa njia yake ya zamani. Akasema nisihesabu siku, na kwamba nitachoka sana, na nikichoka nijue kazi inafanyika.

Kuchoka, nilichoka. Sijawahi kuchoka vile hata msimu wa mavuno tuliposaga mpaka mkanda wa mashine ukatoa moshi. Ikifika alasiri kichwa kizito, najilaza na viatu miguuni. Mtaa mzima ulikuwa kichwani mwangu: fagio la jirani, mifuko ya nailoni, kuku, bodaboda, mtu anafunga kitasa. Nilimwandikia binti ujumbe kwamba uziwi ulikuwa na raha zake, yeye akanijibu baba, vaa.

Ile nusu saa ndiyo iliyonivunja moyo zaidi. Mke wangu alikubali, akaleta kigoda, nami nikageukia ukuta kama nilivyoelekezwa. Akakohoa. Akasema, kwa Kiswahili, kwa nguvu, leo ni Jumanne. Akasema jua ni kali. Sauti haikuwa yake hata kidogo. Ilikuwa kama ya yule mama wa kwenye simu anayesema namba unayopiga haipatikani. Nilimwomba aseme taratibu, aseme kwa lugha yetu, asimulie chochote. Nilipogeuka alikuwa anaangalia sufuria jikoni.

"Sina la kusema, Mzee," akaniambia.

Hakusema kwa ubaya. Alikuwa anasema kweli, au ndivyo nilivyodhani. Nikajiambia basi, nimechelewa, mazungumzo yamekwisha kuoza kwa kukaa. Hata hivyo kila siku tulikaa, yeye akitangaza hali ya hewa, mimi nikiuliza eh, eh, na baada ya dakika tano kila mmoja anaona nafuu kuinuka.

Wiki zikapita, sijui ngapi. Fagio la jirani liliondoka bila kuaga. Siku moja nilimwona anafagia nikagundua simsikii kwa kutojali, kama watu wengine wasivyomjali. Kisha maneno ya adhana yakaanza kuachana, moja moja. Kisha nikasikia treni ya umeme ikipita, nikauliza huo ni upepo gani, wakanicheka nyumba nzima, maana imekuwa ikipita siku zote hizo na mimi nilikuwa naijua kwa macho tu. Kiswahili cha watu bado nilikuwa nakikimbiza neno kwa neno, nikilikamata moja mengine mawili yameshatoroka.

Basi siku moja alasiri nilikuwa nimekaa barazani, mgongo kwa jiko la uani, nimechoka, sisikilizi chochote. Nikasikia mwanamke anazungumza Kisagara. Sikumkimbiza. Maneno yaliingia yenyewe yakiwa yameiva. Anasema mchele huu una mawe, sijui siku hizi wanaanika barabarani. Goti la kushoto linauma kuliko la kulia. Mtoto kule Mikumi hali vizuri, amekonda shingo. Nikageuza kichwa kidogo kuona ni mgeni gani amekuja. Hapakuwa na mgeni. Alikuwa mke wangu, na ungo mapajani, anachambua mchele, na sauti ilikuwa yake. Ile ile. Nilikuwa nimeisahau mpaka nilipoisikia.

Akaendelea: "Na huyu naye, tangu asubuhi kavaa sweta nje ndani, hakuna wa kumwambia."

Nikatazama sweta. Kweli. Niliuma midomo nisicheke, machozi yakanijia, na sikutikisika. Kumbe hakuacha kuongea. Miaka yote ile alikuwa akinisimulia, hatua tatu nyuma ya mgongo wangu, kila siku, kila kitu. Alipokaa mbele yangu kwa kuamriwa hakuwa na la kusema kwa sababu alikuwa ameshasema.

Hapo ningegeuka nikamwambia, mama, nakusikia. Sikugeuka. Hilo ndilo kosa langu na sitafuti wa kumsukumia. Kifaa alikuwa anakiona sikioni, lakini kwa kuwa kwenye nusu saa yetu bado nilikuwa nauliza eh, alishaamua kwamba mashine ya sikio ni kazi bure. Nikamwacha aamini hivyo. Siku kumi nilimfanyia ujanja. Nilikuwa nawahi kigoda changu barazani, nakisogeza nyuma kidogo kidogo, naweka uso wa kiziwi. Nikipigiwa paja kwamba chakula tayari, naitikia kwa kichwa kama zamani. Na niseme ukweli, nilikuwa na furaha. Sikuwa na furaha vile tangu ujana.

Si kwamba yote yalikuwa matamu. Nilisikia habari ya mwaka ule mto ulipopanda ukazoa mpunga wake kule Tindiga. Alikuja mashineni akiwa na matope mpaka kiunoni, akanieleza, mimi nikamwinulia kiganja, subiri. Akasubiri mpaka foleni ikaisha, kisha akaona haina maana tena. Nilisikia jinsi nilivyougua akakaa anahesabu pumzi zangu. Nilisikia kwamba nakoroma. Vyote hivyo alivisema bila hasira, sauti ya mtu anayechambua mchele, jiwe huku, punje huku.

Siku ya kumi alikuwa anaongea na mama yake.

Mama mkwe alikuwa amefariki miaka minane nyuma, kwao Kimamba. Kisa hicho mimi nilikuwa nacho kwa namna yangu. Nilichokijua ni kwamba siku ile nilirudi nyumbani kutoka mashineni nikakuta pametulia, mke wangu hayupo, watoto hawapo. Usiku sikupata habari, na kesho yake jirani akaniandikia kwenye karatasi kwamba nina msiba. Nilipofika Kimamba walikuwa wameshazika. Nilisimama mbele ya wakwe zangu kama mgeni. Mke wangu alikuwa amewaambia kwamba nilisafiri. Sikumuuliza, lakini nilimshikia kinyongo. Aliwezaje kwenda kumzika mama yake bila kuniambia? Niliubeba moyo ule miaka minane, nikamwonyesha kwa kununa, mambo madogo madogo, na nilijiona mvumilivu.

Sasa namsikia nyuma yangu anamwambia marehemu mama yake, polepole.

"Nilimwita mara tatu, mama. Nilisimama mlangoni pa mashine nikamwita mara tatu. Ningeweza kuzunguka mbele yake nikamgongea ngumi azime. Lakini nitakusemaje wewe kwa ngumi? Nilitaka nimwambie kwa mdomo."

Kisha akasema hakugeuka, akasema bodaboda alikuwa anapiga honi, akasema, "Basi, nikaenda." Na akarudia lile la mara tatu, na nilijua kwa jinsi lilivyomtoka kwamba amelisema mara nyingi sana, huenda kila mwaka, huenda kila wiki, hapo hapo nyuma yangu.

Niligeuka. Nilimwambia kwa lugha yetu, "Sikusikia. Nisamehe, sikusikia."

Ungo ukasimama. Alinitazama usoni, kisha sikioni, kisha usoni.

"Tangu lini?" akauliza, bila kupaza.

Nikamwambia ukweli, siku kumi. Nilimweleza habari ya sweta. Nadhani nilitumaini atacheka. Akainuka, akamimina mchele kwenye sufuria, mawe na yote, akaingia ndani.

Hakunigombeza. Ningependa anigombeze. Kuanzia kesho yake alichambulia mchele kwa jirani. Akitaka kuongea na dada yake alichukua simu akatoka nayo mpaka barabarani. Uani alirudi kwenye ishara, tena ndogo kuliko za zamani, mkono hauinuki juu ya kiuno. Na kifaa kile, Mungu anisamehe, sasa kilikuwa kinafanya kazi barabara. Nilisikia kandambili zake zikienda na kurudi. Nilisikia kijiko, nilisikia maji yakimiminwa, nilisikia akimeza. Kila kitu chake isipokuwa yeye.

Binti akaja kutoka Mikumi kunitazama. Alisimama nyuma yangu akataja majina ya vitu kwa sauti ya chini, ndoo, kiberiti, shuka, nami nikavirudia vyote. Akafurahi sana.

"Baba, umepona," akasema.

Nikamwambia nimechoka tu, nataka kulala. Mama yake alikuwa jikoni, alisikia, akafunika sufuria. Binti hakujua kwa nini nyumba imepooza, na kila mmoja wetu alimwambia ni joto. Nusu saa yetu hatukuiacha, maana ni dawa na dawa haikatishwi. Alikaa, mimi nikageukia ukuta. Niliomba radhi mara ya pili, halafu ya tatu. Kila mara alijibu kwamba amesikia, kisha akatangaza leo ni siku gani.

Nilifikiri sana siku zile, kadiri kichwa kilichochoka kinavyoweza. Nilikuwa nimemwibia. Alikuwa na mahali pake pa kuweka maneno, karibu na mumewe lakini pasipo na jibu, pasipo na kununa, pasipo kiganja cha subiri. Palikuwa pazuri kuliko mimi. Nami nilipapata kwa kunyata, nikakaa hapo siku kumi nikijichekea. Akili yangu ilikuwa imejifunza kuisikia sauti yake, lakini yake ilikuwa imejifunza miaka mingi kuongea bila kusikiwa, na hakuna mtaalamu wa Mikumi aliyetupa masharti ya hilo. Sikumlaumu. Nilitamani tu asiwe anakwenda kwa jirani na goti lile.

Siku moja baada ya swala ya alasiri nilikuwa barazani nimejiegemeza. Akatoka ndani na ungo wake, umejaa mchele. Nikajua anapita kwenda kwa jirani. Hakupita. Alikuja akasimama mbele yangu, karibu, akanionyesha sikio langu kwa kidevu.

"Vua hiyo," akasema, kwa lugha yetu, taratibu kabisa. "Nataka kuzungumza na wewe."

Nilivua. Nikakiweka kwenye mfuko wa shati, na dunia ikafunga mlango. Alizunguka nyuma yangu; nilihisi kigoda chake kikitua kwenye saruji. Nilijua kwamba nikigeuza shingo kidogo tu nitauona mdomo wake, na midomo nimeisoma nusu ya maisha yangu, hakuna neno lake lingenipita. Nilishika magoti, nikakaza macho kwenye ukuta wa jirani. Jua lilishuka ukutani tofali kwa tofali. Ilikuwa habari ndefu. Nilikaa hivyo mpaka aliponigusa bega kwamba amemaliza.